Ng'ombe hashiki mimba: jiwe la kulamba au madini ya unga?

Ingia agrovet useme ng'ombe wako hashiki mimba, utatolewa moja kati ya viwili: jiwe la kulamba au unga wa madini. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, chukua unga. Jiwe si baya, ila sehemu kubwa ni chumvi, na hamu ya chumvi ikimwisha ng'ombe haligusi tena. Jiwe la kilo 2 likimfikisha mmoja mwezi mzima, amelamba kama gramu 67 kwa siku. Lebo ikisema fosforasi ni asilimia 2, kapata gramu 1.3. Kila lita ya maziwa inamtoa karibu gramu 0.9 za fosforasi na 1.2 za kalsiamu; piga hesabu ya lita 15, tena majani yenyewe yawe matete yaliyokomaa.

Kwenye unga, soma lebo kabla ya bei. Fosforasi isipungue asilimia 8, kalsiamu iwe karibu mara mbili yake. Zinki, shaba, manganizi, iodini, kobalti na seleniamu ziandikwe kwa viwango. Orodha ya majina matupu haitoshi. Kobalti si ya kubeza: kuzunguka Nakuru ng'ombe walikuwa wakikonda na majani wanayo, kwa sababu udongo hauna ya kutosha. Una shaka na mfuko? Dondoshea siki kwenye kijiko cha unga. Mapovu mengi maana yake chokaa imejaa humo. Chokaa ni kalsiamu halali, lakini usiilipie bei ya fosforasi.

Kipimo ni gramu 100 hadi 150 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Pima mara moja kwa mizani, kisha weka alama kwenye kopo. Changanya na pumba zilizoloweshwa kidogo. Kwenye pumba kavu ng'ombe hupuliza pua, unga ukabaki chini ya hori, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Funga mfuko vizuri, chumvi huvuta unyevu na unga hugandamana.

Wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa, acha unga huu wenye kalsiamu nyingi, utafute wa ng'ombe wakavu, yaani waliosimamishwa kukamuliwa wakisubiri kuzaa. Mwili uliozoea kalsiamu ya bure huchelewa kuitoa mifupani, na akizaa anaanguka kwa homa ya maziwa, yaani kalsiamu kushuka ghafla damuni. Huo wa wakavu uwe na seleniamu na vitamini E, hupunguza kondo la nyuma kukwama.

Usitegemee joto, yaani hamu ya kupandwa, wiki ijayo. Yai huchukua miezi 2 hadi 3 kukomaa, kwa hiyo madini ya leo yanalihudumia yai la baadaye. Na ng'ombe aliyetokeza mbavu anadai chakula kwanza. Hakuna mfuko wa madini utakaomwingiza joto. Mwingine joto analo ila ni la kimya: mtazame alfajiri na usiku, siku ya 18 hadi 24 tangu joto lililopita.

Kondoo wasiguse unga huu, shaba yake inawaua.