Ndoo ya Kudekia Yenye Kikamulio: Pima Chini Kabla ya Kutoa Pesa

Mwezi Machi nilinunua ndoo ya kudekia yenye kikamulio katika duka moja la katikati ya jiji la Mwanza kwa shilingi 28,000, na siku ya nne tangu niinunue mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, aliteleza kwenye korido ya nyumba yetu ya Nyakato akaumia kifundo cha mkono. Korido ilikuwa imepigwa deki zaidi ya nusu saa kabla, milango ilikuwa wazi na upepo ulikuwa unapita, lakini vigae vilikuwa bado na utando wa maji. Nilimlaumu kwanza dada anayenisaidia kazi, nikidhani kwamba hakamui dekio ipasavyo. Nimekwisha kumwomba radhi, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Jioni ile niliketi uani na ile ndoo, nikaijaza maji kwa chupa ya lita moja, nikihesabu na kutazama. Kikamulio chake ni koni ya plastiki yenye matundu, iliyoning'inia kutoka kwenye mdomo wa ndoo hadi sentimita 5 tu juu ya kitako, na kitako chenyewe kina upana wa sentimita 22. Kabla chupa ya pili haijaisha, chini ya koni palikuwa pameshaguswa na maji. Maana yake ni kwamba ukitia lita nne au tano, kama mtu yeyote anavyofanya anapodeki nyumba ya vyumba vitatu, unakandamiza dekio ndani ya kikamulio kilichozama: maji unayoyakamua juu yanarudi kwa chini, nyuzi zinayanywa tena, na unachokipeleka sakafuni ni dekio lililolowa chapachapa lenye maji machafu. Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa ndoo hiyo ilisema ni ndoo ya lita 12. Kwa kazi iliyonunuliwa kuifanya, ni ndoo ya lita mbili, tena pungufu.

Nilipoeleza jambo hili kwa wasomaji wangu, nilipokea ujumbe kutoka Igoma, Buhongwa, Musoma na Bukoba, na karibu wote walikuwa na kisa kilekile bila kujua chanzo chake. Msomaji mmoja amekuwa akichomoa dekio na kulikamua kwa mikono kwa miaka miwili, akiamini kwamba yeye hana nguvu za kutosha za kukandamiza. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia rangi, wala urefu wa mpini, wala kama ndoo ina magurudumu mazuri. Hayo kila muuzaji atakuonyesha. Nitazungumzia umbali kati ya chini ya kikamulio na kitako cha ndoo, kwa kuwa huo ndio unaoamua kama umenunua kikamulio au umenunua pambo.

Hesabu yake si ngumu. Ndoo ya duara yenye kitako cha sentimita 26, ukitia lita 6, maji yanapanda hadi sentimita 11 hivi. Ukiongeza sentimita 3 kwa ajili ya maji kuchezacheza unapokandamiza, chini ya kikamulio hapapaswi kuwa karibu zaidi ya sentimita 14 kutoka kitakoni. Ndoo yenye kitako chembamba huhitaji umbali mkubwa zaidi, kwa sababu maji yaleyale hupanda juu zaidi. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani. Shusha futi ndani ya kikamulio upime kina chake, kisha shusha nje ya kikamulio upime kina cha ndoo, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu lako.

Umbali huo una faida ya pili, ambayo kwetu huku ziwani ni kubwa. Nyumba zetu zinaingiza mchanga kila siku: mchanga wa njia za vilimani, chengachenga za miamba yetu, na mchanga unaokuja jikoni pamoja na dagaa walioanikwa chini. Mchanga ukiingia kwenye ndoo hutua kitakoni, na ungebaki huko kama usingekorogwa. Kikamulio kinachofika chini kabisa kinausukasuka kila unapokandamiza, na nyuzi zinaubeba hadi kwenye vigae, ambapo unakwaruza. Hata wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku na kukutwa asubuhi wamejaa barazani, mabaki yao yanarudi sakafuni kwa njia hiyohiyo. Kumwaga na kutia maji mapya kila baada ya chumba kimoja kunawezekana kwa mwenye bomba ndani, lakini kwa jirani zangu wanaopandisha madumu ya lita 20 kilimani si ushauri wa kumpa mtu.

Tatizo la kutoa maji kwenye dekio bila kulowesha mikono limewashughulisha watu kwa muda mrefu. Thomas W. Stewart wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1893 kwa dekio lililokamuliwa kwa wenzo, na mhandisi wa Kihispania Manuel Jalón Corominas alianza mwaka 1956 kutengeneza madekio na ndoo zenye rola za kukamulia. Koni ya plastiki ilikuja baadaye, ikashinda kwa sababu ni rahisi kutengeneza na haina kitu cha kukatika. Siilaumu koni. Ninalaumu koni ndefu ndani ya ndoo fupi, na ndoo fupi zipo kwa sababu huingia nyingi zaidi ndani ya kontena moja.

Sasa niseme wazi ndoo ninayoipenda kuliko zote, wala sitajifanya sina upande. Ni Vileda ya kuzungusha kwa pedali, ile inayoitwa EasyWring, ya kampuni ya Kijerumani ya Freudenberg. Shemeji yangu aliniletea alipokuja likizo, na tangu Mei sijatumia nyingine. Haikandamizi dekio bali inalizungusha: unaliweka kwenye kikapu, unakanyaga pedali kwa mguu, na maji yanarushwa nje kwa mzunguko. Kikapu kimekaa juu upande mmoja wa ndoo, na ndani kuna alama ya mwisho wa maji. Ukiiheshimu, chini ya kikapu hapaguswi. Ni jambo dogo kuchora mstari ndani ya ndoo, lakini mstari huo unaonyesha kwamba aliyeibuni aliwahi kuitia maji. Ukikanyaga mara mbili dekio linabaki na unyevu kidogo, na ukikanyaga mara tano linakaribia kukauka, kwa hiyo unaamua mwenyewe kulingana na sakafu. Mama, ambaye sasa hawezi kukandamiza kitu kwa mkono wa kulia, anaitumia kwa mguu bila msaada. Ina mdomo wa kumimina pembeni, na kichwa cha dekio ni cha pembetatu, kinaingia kwenye kona na kinafuliwa. Kasoro ninayoijua ni kwamba vichwa vya akiba sijavipata Mwanza, hivyo anayeagiza aagize na vichwa viwili vya ziada. Pia usitie jiki ndani yake, kwa kuwa jiki inadhoofisha nyuzi za kichwa na kula sehemu za chuma.

Nafasi ya pili ninaipa ndoo ambayo haiuzwi dukani. Baada ya kukataliwa kurudisha ile ndoo mbovu, nilichomoa koni yake, nikanunua ndoo ya kawaida ya lita 20, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea Mabatini. Wazo la kwanza la fundi lilikuwa kuining'iniza koni kwenye mdomo wa ndoo kwa kulabu, nami nikamwomba asifanye hivyo. Mtu anapokamua huegemeza uzito wa mwili wake, na uzito huo ukipokelewa na mdomo wa plastiki peke yake, mdomo unapanuka na baada ya miezi michache unapasuka palepale penye kulabu. Badala yake alikunja duara kwa nondo ya milimita 6, akalichomelea miguu mitatu inayosimama kwenye kitako cha ndoo, na nchani mwa kila mguu akavisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili chuma kisitoboe plastiki. Uzito wote sasa unashuka sakafuni, na ndoo haibebi chochote zaidi ya maji.

Chini ya koni pako sentimita 16 kutoka kitakoni, na juu ya koni pako chini ya mdomo wa ndoo, kwa hiyo matone yanayoruka yanabaki ndani. Tuliiweka upande mmoja badala ya katikati, ili ibaki nafasi ya kuchovya dekio pembeni yake, jambo ambalo nililisahau katika mchoro wangu wa kwanza na fundi ndiye aliyelikumbuka. Duara na miguu vilipakwa rangi ya mafuta mara mbili kwa sababu ya kutu. Ndoo ilinigharimu shilingi 6,500 na fundi alichukua 7,000. Inafaa zaidi kwa dekio la nyuzi za pamba, ambalo hunywa maji mengi na huhitaji kukandamizwa kwa nguvu, na kwa sakafu ya saruji sioni ya kuipita.

Mwenye nyumba kubwa, au mwenye nyumba ya wageni, atazame ndoo za wenzo, zile zinazoonekana hotelini na hospitalini, nyingi zikiwa za manjano. Kikamulio chake kimekaa juu kabisa mdomoni, hivyo kwa kipimo changu zinafaulu bila shida. Sizipi nafasi ya juu kwa nyumba za kawaida kwa sababu lita 20 za maji ni kilo 20, na magurudumu hayasaidii mtu kupanda ngazi wala kuvuka kizingiti.

Za kuzungusha kwa mpini, zisizo na pedali, zimejaa Makoroboi na zinafanana sana. Ukilazimika kununua, chagua yenye kikapu cha chuma kisichoshika kutu, pima umbali wa chini kama nilivyoeleza, kisha kizungushe kikapu kikiwa kitupu na usikilize. Kikikwaruza dukani, kitasaga nyumbani mara mchanga utakapoingia kwenye pini yake. Za dekio bapa lenye nafasi mbili za kupitisha kitambaa zinatosha chumba kimoja chenye vigae, lakini saruji inararua kitambaa. Ndoo fupi yenye koni ndefu usiinunue, hata ikipunguzwa bei hadi nusu.

Kuhusu wauzaji, nina malalamiko na nitayasema. Niliporudisha ndoo yangu, kijana wa dukani aliniambia, "Dada yangu, ndoo haina shida, wewe unatia maji mengi," kisha akanionyesha maneno yaliyochapwa chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilimuuliza lita 12 zilizoandikwa ni za nini ikiwa lita nne ni nyingi, naye akamgeukia mteja mwingine. Maneno ya kwenye risiti hayampi mtu ruhusa ya kupotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kwangu mimi namba iliyobandikwa kwenye ndoo ni ahadi kama ahadi nyingine. Katika maduka sita niliyoyazungukia baadaye nikiandaa mwongozo huu, manne hayakuniruhusu hata kufungua boksi, na ndoo ya aina moja niliyotajiwa kwa 35,000 nikiwa nimevaa nguo za kazini, dada yangu alitajiwa kwa 26,000 saa moja baadaye akiwa na kanga.

Duka moja tu, la mama mmoja karibu na stendi ya Buzuruga, liliniruhusu nijaribu kwa maji. Alileta jagi mwenyewe, tukamimina, na ndoo mbili kati ya tatu zilizokuwa rafuni zikazamisha vikamulio kabla ya lita ya tatu. Alizitoa rafuni akaziweka kando, akaniuliza ni sentimita ngapi awaambie wanaomletea mzigo. Nilimwandikia 14 kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao wa meza yake, na chini yake nikaandika kwamba ni kwa ndoo ya kitako cha sentimita 26, kwa sababu kwa ndoo nyembamba namba hiyo haitoshi.