Tahadhari: anayeuza "seti ya kupoza kadi kwa maji" hapa Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Haya nawaandikia wenye kompyuta za kuhariri video, za michezo na za kuchorea, kuanzia kisiwani, Nyali na Bamburi hadi Mtwapa. Kuna bwana anatangaza seti kamili ya kupozea kwa maji kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini, "inaingia kadi zote, mzigo mpya". Jina lake silitaji. Alilonipa silo lililotokea kwenye M-Pesa, na jina la uongo halitawafaa kitu. Ila namna anavyofanya kazi nitaieleza, akiwajia mtamjua.

Mimi nahariri video za harusi. Kadi yangu ni RTX 3090 ya Nvidia, ya mkono wa pili, na kaskazi ya mwaka huu imenitesa nayo. Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa, mchana ndani kunafika nyuzi 33 na feni ya dari inazungusha hewa ya moto tu. Nikianza kurenda, yaani kompyuta kuitoa video iliyokamilika, chipu yenyewe inakaa nyuzi 78, si mbaya, lakini memori inapanda hadi 106. Memori za aina hii, GDDR6X, zikikaribia 110 kadi hujibana yenyewe, kasi inashuka, na mama wa bibi harusi anapiga simu kuuliza video yake iko wapi.

Ndipo nikaona tangazo. Bloki (kipande cha chuma kinachokalia kadi na kupitisha maji), rejeta ya feni tatu, pampu, tangi, mipira na fitingi, vyote kwa 38,000. Bei yenyewe ingetosha kunitia shaka, lakini joto lilishanipanda kichwani. Nikampigia na kumuuliza maswali mawili. La kwanza: kadi yangu si Founders Edition, ile inayotolewa na Nvidia wenyewe, ni ya kampuni nyingine yenye bodi yake, je, bloki itakaa? Akacheka. "Sheikh, hii ni ya kadi zote za 30 na 40. Wewe funga tu." La pili: rejeta ni ya shaba? "Shaba tupu, wallahi."

Nikatuma nusu ya pesa. Nusu ya pili nikampa mkononi, nje ya kituo kimoja cha mafuta, yeye amekaa ndani ya tuktuk hata hakushuka. Sanduku limezungushwa selotepu kama mzigo wa kwenda Lamu. Akaniambia ukikata selotepu umenunua, hakuna kurudisha. Shikeni hapo, kwa sababu biashara yake yote imesimama juu ya hiyo selotepu.

Sasa nieleze kwa nini jibu lake la kwanza lilikuwa uongo, maana mimi nililijua nusunusu nikajidanganya. Bloki ya kufunika kadi nzima huchongwa kwa bodi moja maalumu. Haigusi chipu peke yake, hugusa pia memori na sehemu za umeme zinazolisha chipu, na kila moja ina kimo chake na mahali pake. Bodi ya Founders Edition ya 3090 ni fupi na mwishoni imekatwa kama mkia wa samaki. Za makampuni mengine ni ndefu, kapasita (vile vipande vidogo vya umeme vilivyosimama kwenye bodi) zimehamishwa, nyingine zimeinuka zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa kweli hutoa orodha ndefu ya kadi zinazoingiana na kila bloki, hadi toleo la kadi. Bloki inayoingia "kadi zote" ipo, lakini hiyo ni ndogo, ya kupoza chipu pekee. Memori unaiachia vipande vya alumini vya kubandika na upepo wa feni. Kwa mtu ambaye shida yake ni memori, kama mimi, hiyo ni kununua mwavuli wa kufunika miguu.

Na kuna jambo ambalo hata bloki sahihi isingelimaliza. 3090 ina vipande 24 vya memori, 12 mbele na 12 nyuma ya bodi. Bloki hukaa mbele. Vile vya nyuma vinabaki vimeegemea bamba la nyuma, labda ununue bamba linalopitisha maji nalo. Kuanzia 3090 Ti, na 4090 pia, memori zote zimehamia mbele. Muuzaji anayejua kazi yake angeniambia hayo kabla sijatoa hata shilingi.

Usiku huo nikafunga. Skrubu ziliingia, lakini mbili za upande wa umeme zilikaza kabla ya wakati, na mimi nikasukuma. Bisibisi ikateleza, ikachora mkwaruzo karibu na tundu la kushoto la maji, mrefu kama kucha. Nikajaza ile kulanti, maji ya kupozea, ya kijani aliyonipa, nikawasha. Chini ya dakika moja chipu ikapita 90, nikazima kwa mkono unaotetemeka. Kufungua, nikaona kila kitu kwenye pesti, ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa kati ya chipu na bloki. Pesti iliyobanwa vizuri huacha alama ya mraba mzima. Yangu iliacha alama kwenye pembe moja tu, kama mtu aliyegusa rangi kwa kidole. Pedi za memori, vile vipande laini vya kupitisha joto, zilikuwa laini vile vile zilivyotoka kwenye karatasi, hazikuguswa na chochote. Bloki ilikuwa imekalia kapasita. Kadi haikufa, alhamdulillahi.

Rejeta niliipeleka kwa fundi wa AC, jirani yetu. Hawa mafundi shaba wanaijua kwa harufu. Aliinua kwa mkono mmoja, akatingisha kichwa kabla hata hajaitazama, maana ilikuwa nyepesi kama kopo la biskuti. Akachukua tupa akakwaruza ndani ya tundu, chini ya rangi nyeusi. Ikatoka nyeupe. "Hii ni sufuria," akasema, yaani alumini.

Ukiweka alumini hiyo na shaba ya bloki katika maji yale yale yanayozunguka, umetengeneza betri. Alumini ndiyo inayolika. Si leo wala kesho, ni miezi. Kijana mmoja wa Kisauni mwenye chumba cha michezo alinunua kwa bwana huyu huyu, na yake bahati mbaya iliingia vizuri, akaitumia miezi minne. Nasema bahati mbaya kwa sababu yangu ilikataa siku ya kwanza. Yake ilipofunguliwa, zile nafasi nyembamba za ndani ya bloki zilikuwa zimejaa ute mweupe kama uji wa mchele, maji hayapiti.

Ile kulanti nayo ilikuwa ya gari, harufu haikujificha. Kulanti nyingi za gari zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ina utamu. Nyumba za Mombasa hazikosi paka, na wengine tuna watoto wanaotambaa. Tone likivuja sakafuni mnajua nani atalifikia kwanza. Msijaribu pia maji ya kisima, chumvi yake tunaijua kwenye vichwa vya bomba na kwenye nywele. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa (distilled), yaliyoandikwa hivyo kwenye chupa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ukienda kuyatafuta kwa wauza betri za gari, soma chupa, usije ukapewa asidi.

Kurudi kwa bwana wetu. Nilipomtumia picha za pesti hakukana, na hapo ndipo ujanja wake ulipo. Alisema pole sana, nirudishie bloki nikubadilishie ya bodi yako, nyingine ukae nazo. Akatuma boda, nikampa. Siku tatu simu inaita bila kupokelewa, ya nne haipatikani. Nimebaki na rejeta ya alumini, pampu inayolia kama inasaga nazi, na fitingi ambazo mipira yake ya ndani imepasuka kwa uzee. Kwa hiyo hata huo upya ulikuwa wa sanduku tu.

Ukikutana na mtu wa namna hii, mpe jina kamili la kadi yako na picha ya kibandiko chake cha nyuma, umtake namba ya bloki. Namba hiyo ukaitazame mwenyewe kwenye orodha ya mtengenezaji. Akikosa namba, mazungumzo yameisha. Rejeta ikwaruzwe mbele yako, mahali pasipoonekana. Pampu iwashwe uisikie. Na sanduku lifunguliwe kabla ya pesa. Asiyetaka lifunguliwe anajua kilichomo.

Kama kweli mnataka maji, kadi zinazotoka kiwandani na rejeta yake iliyofungwa ndizo zisizoumiza kichwa sana. Hujazi, hufungui, ingawa pampu ikifa hali inakuwa ngumu, na ya mkono wa pili siwezi kumshauri mtu. Bloki ya kadi nzima ndiyo inayopoza kuliko zote, na 4090 ya wati 450 au 5090 ya wati 575 itakushukuru, lakini ipe rejeta ya feni tatu kwa kadi peke yake, na ukiunganisha na prosesa ongeza nyingine. Pia mjue maji hayali joto, yanalihamisha tu. Wati 350 zilizokuwa ndani ya kasha zitakuja kukukalia chumbani, na maji hayawezi kupoa chini ya hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kikiwa nyuzi 33, usitarajie namba za video za watu wa Ulaya.

Mimi mwishowe nimefanya kilichonigharimu kidogo. Nimerudisha poza yake ya feni, nimebadilisha pedi zote za memori mbele na nyuma kwa unene uleule wa awali, na nimeishusha kadi kutoka wati 350 hadi 280. Memori sasa inagonga 92 mchana. Kurenda kumechelewa kidogo, bibi harusi hajui tofauti.

Kuhusu pesa, ukituma kwa M-Pesa na ukashtuka mapema, ule ujumbe wa muamala upeleke 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, saa ile ile, kabla hajatoa. Mimi nilichelewa. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayopokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na wakili si lazima. Nimekusanya ujumbe wote, risiti za simu na picha za pesti. Kinachonikwamisha ni kupata mahali anapokaa ili apelekewe hati, kwa hiyo wengine mlioumizwa, nitumieni mlichonacho kwa faragha, msimwage namba za watu hapa.

Jana baada ya Isha nimeona ametangaza tena, laini mpya. "Bloki ya kadi zote, mpya, haijafunguliwa, imebaki moja." Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Karibu na tundu la kushoto la maji kuna mkwaruzo, mrefu kama kucha.