Risiva ya mtumba: sauti tamu, HDMI bovu, na muuzaji mwenye mdomo

Nilikwenda kununua risiva ya mtumba, ile mashine inayopokea picha na sauti na kuendesha spika tano za sinema ya nyumbani. Nilimwomba muuzaji aiunge kwa kebo ya HDMI, inayobeba picha na sauti pamoja, kwenye televisheni iliyokuwa inawaka ukutani kwake. Akanijibu mbele ya wateja wengine: "Kaka, umekuja kununua ama umekuja kukagua kama watu wa forodha?" Kisha akafungulia redio ya FM, akaunga spika moja upande wa kushoto, akapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. "Si unasikia inaongea?"

Inaongea, ndiyo. Lakini redio kwenye spika moja imejaribu kitafutio cha stesheni na chaneli moja ya amplifaya, basi. Chaneli nne zilizobaki hazijaguswa. Bodi ya HDMI haijaguswa. Sehemu inayofungua sauti ya filamu ya spika nyingi, yaani Dolby Digital na DTS, haijaguswa. Yaani kile unachonunulia risiva ya sinema ndicho asichotaka ukione. Kila duka la ex-UK, la mitumba kutoka Uingereza, hapa Mombasa lina mchezo huu, na sijui kwa nini tunauvumilia.

Niliinunua hivyo hivyo, na ugonjwa wake ni huu. Ukiiwasha ikiwa baridi, picha safi, sauti safi. Ikifika kama nusu saa, picha inaanza kumetameta vinukta vyeupe, inakuwa nyeusi sekunde mbili, inarudi, halafu inazima kabisa. Izime, iache ipoe, washa tena: nzima! Fundi yeyote akisikia hivyo anajua ni joto. Kwenye risiva nyingi bodi ya HDMI imebanwa nyuma, karibu na bati la kupozea amplifaya, na chipu yake yenyewe inawaka moto. Miaka ikipita, vitone vya risasi ya kulehemu vilivyoishikilia chini vinapata nyufa, na kapasita ndogo za pembeni, vile vikopo vya kuhifadhi chaji, zinakauka. Si siri ya fundi mmoja. Onkyo, watengenezaji wa Japani, ilibidi warefushe muda wa kutengeneza bure baadhi ya risiva zao za miaka ya 2009 hadi 2012, wakafika mpaka mwisho wa 2018. Na chapa nyingine si malaika.

Sasa huo "ukarabati" walioniuzia. Ukiondoa kifuniko unauona wazi: skrubu zote zina vumbi la kijivu isipokuwa zile za bodi ya HDMI, ambazo vichwa vyake vimekwaruzwa na bisibisi na vinang'aa. Kuizunguka chipu kuna duara la flaksi (dawa ya kulehemu) ya kahawia iliyokauka, na plastiki ya soketi ya jirani imekunjamana kidogo. Hapo imepigwa hewa ya moto. Risasi inayeyuka, inashika tena, mashine inafanya kazi wiki kadhaa, inatosha kuuzwa. Dawa ya kweli ni kubadilisha bodi nzima, na bodi inatoka kwenye risiva nyingine ya modeli ileile iliyokufa kwa sababu tofauti. Kuipata ni bahati. Wao wakapiga moto, wakapaka kifuniko mafuta kikang'aa, wakaandika imekarabatiwa.

Wakati wa kulipa maneno yalikuwa "ikikusumbua irudishe, sisi tuko hapa hapa". Niliporudi: "Hiyo ni stima ya kwenu." Stima ya kwetu! Stima inajuaje kungoja nusu saa kila siku? Stima ikirudi kwa kishindo inapiga fyuzi, au inaua transfoma ndogo ya kuamshia mashine, na hapo taa ya mbele haiwaki kabisa. Kwa kawaida haichagui HDMI peke yake na kuiacha redio nzima. Nilimweleza hivyo kwa upole, mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anataka feni, na jibu nililopewa sitaliandika hapa.

Basi, kwa yeyote anayekwenda kununua, nenda na kebo zako mbili za HDMI, laptopu au kisanduku chochote cha kutoa picha, na mita. Kwanza soma kibandiko cha nyuma. Usitazame plagi, plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Kikisema 230V au 240V, 50Hz, endelea. Kikisema 120V 60Hz ni ya Marekani, 100V ni ya Japani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Mombasa utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Inataka transfoma ya kushusha. Kama kibandiko kinasema inakula wati 500, chukua ya 1000. Transfoma nyingi za dukani hutoa 110V, ambayo ya Marekani inaivumilia lakini kwa ya Japani imezidi. Pia transfoma iliyoundwa kwa 60Hz hupata joto zaidi kwenye 50Hz yetu. Piga hesabu, utakuta ule urahisi wa bei umeliwa.

Ukiiwasha, sikiliza. Baada ya sekunde chache lazima irilei, swichi ya ndani inayounga spika, ilie "tak". Isipolia, au ikaandika protekti, yaani inajilinda, na kuzima, acha hapo hapo, mara nyingi transista za kutolea sauti zimeungua. Ikilia, usiunge spika bado: weka mita kwenye DC ya millivolti, gusa tundu jekundu na jeusi la kila spika. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100, mkoba wako ufunge zipu. Kisha ingia kwenye menyu, cheza sauti ya majaribio, ambayo hupita spika moja moja, na spika yako ndogo moja inatosha kuihamisha kutoka tundu hadi tundu. Halafu HDMI: kila tundu, si la kwanza tu, na picha pamoja na sauti. Risiva za zamani zaidi, za miaka ya 2006 au 2007 hivi, zipo zinazopitisha picha tu na sauti haziigusi. Iache icheze nusu saa au zaidi kifuniko kikiwa kimefungwa. Muuzaji akinuna, mwache anune, na uondoke. Kifuniko kikifunguliwa usitie vidole karibu na zile kapasita kubwa mbili, zina chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Pia angalia kutu. Mashine iliyotoka kwenye kontena moja kwa moja ina vumbi la manyoya manyoya. Iliyokaa miaka pwani ina ukoko wa kijani kwenye matundu ya spika na skrubu za nyuma. Hiyo ya pili nayo inaweza kununulika, ila tarajia irilei iliyochafuka ndani: chaneli moja haitoi sauti ukicheza chini, ukipandisha inarudi ghafla. Msipige msasa, mtaondoa mpako wa vidole vyake, na dawa ya kupuliza haiingii kwenye irilei iliyozibwa. Ing'olewe, iwekwe mpya yenye voltiji ileile ya koili iliyoandikwa juu yake, 12 au 24. Ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mkono mzuri.

Na msidanganywe na zile spika tano ndogo "za bure" kutoka kwenye seti ya DVD. Nyingi ni za ohm 3 au 4, risiva inataka 6 mpaka 8, zitaipeleka protekti ukipandisha sauti. Wufa (spika ya besi) ya seti hiyo haina amplifaya yake, wakati risiva inatoa mawimbi madogo tu ya kupeleka kwenye wufa yenye waya wake wa stima. Hazioani hata kwa kadhi.

Sasa hapa ndipo ninapojikuta natetea kitu nilichokuja kukitukana. Nimeitoa HDMI kabisa. Kisanduku kinaingia kwenye televisheni moja kwa moja, na kutoka televisheni kwenda risiva kuna kebo ya optikali, ile yenye mwanga mwekundu kwenye ncha. Kwenye menyu ya televisheni, sauti ya kutoka iwekwe Dolby Digital au bitstrimu (sauti ikiwa bado imefungashwa), si PCM (iliyokwisha kufunguliwa), maana PCM kwa njia hiyo hubeba chaneli mbili tu. Sauti ya spika tano inatoka kama kawaida, na picha ya 4K haipiti kwenye risiva, kwa hiyo habari za HDCP 2.2, kufuli ya kuzuia kunakili picha ambayo mashine nyingi za kabla ya 2015 hazina, hazikuhusu tena. Unachopoteza ni Dolby TrueHD na Atmos, zile sauti za daraja la juu, menyu kwenye skrini, na kuongeza sauti kwa rimoti ya televisheni. Kwa filamu za kawaida, wallahi, hutajua. Mazungumzo yanatoka katikati, mvua inanyesha nyuma yako.

Kwa hiyo risiva yenye HDMI mbovu ni ununuzi mzuri kuliko zote kwa mtu wa bajeti ndogo? Ndiyo, mradi iwe inauzwa kama mbovu, na mradi ubovu uwe kwenye picha tu. Kuna modeli ambazo bodi hiyo ikifa sauti yote inakufa, hata ya optikali. Nusu ya bei ningeitoa nikicheka. Mimi niliuziwa bei ya nzima, na ndipo damu inapochemka upya kila nikikaa kuandika. Wifi na huduma zake za intaneti msilipie hata shilingi, kwenye mashine za umri huu nyingi zimeshakufa.

Nilitaka kutoa nyota nne. Kisha mbili. Mashine naipa nne. Duka nalipatia moja, na hiyo ni ya kijana aliyenisaidia kubeba mpaka kwenye tuktuk. Rimoti walinipa ya chapa nyingine, haifungui menyu ya spika. Na ile maikrofoni ya kupimia chumba, ambayo lazima iwe ya mashine ileile maana ya chapa nyingine inapima uongo, ninaambiwa mpaka leo iko kwenye kontena linalokuja.