Uzoefu wangu: kurekodi hati ya nyumba ofisi ya kaunti (California)

Aisee huduma yenyewe nimeipenda na kama kuna nyota nawapa 4 kati ya 5, ila kama umetoka Bongo na kichwani una ile picha ya hati miliki inayotolewa na serikali, hiyo iache mlangoni kabisa. Huku California hakuna karatasi ambayo serikali inakukabidhi ikasema nyumba hii ni ya fulani. Hati ni karatasi yenu wenyewe, anayetoa mali anasaini mbele ya notari, mnaipeleka kaunti kwa rekoda (ofisi inayotunza kumbukumbu za hati), wanaigonga tarehe, saa na namba, wanaiskani, wanaiingiza kwenye indeksi, yaani orodha ya kutafutia, kwa jina la aliyetoa na jina la aliyepokea, basi imeisha. Nilimuuliza dada wa kaunta kwani nyie hamkagui kama huyu aliyesaini ndo mwenye nyumba kweli, akaniambia wao wanaangalia karatasi imekaa sawa kwa kurekodiwa, mengine uliza mwanasheria. Na ndo ukweli, hawaruhusiwi kukupa ushauri wa sheria hata umbembeleze vipi.

Sasa mtu atauliza unalipia nini? Unalipia foleni jamani. Hati inaweza kuwa halali kati yenu hata kabla ya kurekodi, lakini ikikaa kwenye droo na yule aliyekuuzia akawa mjanja akamuuzia mwingine ambaye hana habari na wewe, huyo wa pili akiwahi kurekodi anaweza kukupiku, sheria ya California ndo ilivyo. Ukisharekodi, kila mtu anahesabiwa amejua, awe amesoma asisome. Ndo maana pia watu wananunua ile bima ya umiliki wakati wa kununua nyumba, kwa sababu ofisi haikuhakikishii chochote kuhusu karatasi zilizotangulia.

Mimi na mama watoto tulikuwa tunahamisha nyumba tunayoishi kwenda kwenye trasti ya familia (mpango wa kisheria unaoshika mali kwa niaba ya familia), ili mmoja akitangulia mwenzake na watoto wasisumbuke mahakamani. Mwanasheria alitutengenezea hati, tukaenda kwa notari. Hapa watu wa nyumbani hushangaa maana kwetu notari ni wakili, huku ni mtu yeyote aliyefaulu mtihani na kupata leseni ya jimbo, wa kwetu alikuwa duka la kutuma vifurushi, kati ya maboksi na selotepu. Anaangalia kitambulisho, unasaini kwenye daftari lake, na kwa sababu ni hati ya nyumba unaweka na dole gumba la kulia. Gharama ya juu kisheria ni dola 15 kwa kila saini. Na kwenye ile fomu yake kuna kiboksi juu kinasema wazi kwamba yeye anathibitisha utambulisho wa aliyesaini tu, siyo ukweli wa kilichoandikwa. Yaani hata huyo naye hathibitishi mambo, umeona mtiririko wake.

Shida yetu ilianzia hapo hapo. Muhuri wa notari ulitoka umefifia upande mmoja, nusu ya namba ya leseni haisomeki. Mi nikaona kawaida tu, mihuri si ndo ilivyo. Kaunta wakairudisha. Dada aliishika karatasi juu ya taa akasema hii mashine ya skani haitaiona, na sheria inataka muhuri usomeke kwenye nakala. Niliwaka kidogo nisiwe muongo, lakini nikifikiria naona ana hoja, kwa sababu baada ya hapo skani ndo kumbukumbu ya kudumu. Notari akatujazia fomu mpya na muhuri ukatoka safi. Kwa hiyo kabla hujatoka kwa notari kagua muhuri herufi kwa herufi, na hakikisha haujakanyaga maandishi.

Kwenye malipo fungua macho. Kuna ada ya kawaida ya ukurasa, halafu kuna dola 75 kwa kila hati ya sheria ya SB 2 iliyoanza 2018 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Ila nyumba ya makazi inayohamishiwa kwa mtu anayekaa humo mwenyewe ina msamaha, na lazima msamaha uandikwe kwenye hati yenyewe, usipoandika wanakukata. Vivyo hivyo kodi ya uhamisho, kama hudaiwi, sababu iwekwe pale mbele. Halafu kuna fomu ya PCOR, ya kutoa taarifa kwamba umiliki umebadilika, inayokwenda kwa mthamini wa kodi, usipoileta wanaongeza dola 20 na mthamini atakutafuta kwa barua baadaye, bora ujaze tu. Ile fomu ndo inamwambia hii siyo mauzo, maana kodi ya nyumba huku inashikiliwa chini na Prop 13, sheria iliyopigiwa kura na wananchi 1978, na hutaki mtu akupigie hesabu upya kwa bei ya leo bila sababu.

Kona ya juu kulia ya ukurasa wa kwanza ni ya rekoda, usiandike kitu. Juu kushoto weka anuani ya kurudishiwa, na iwe sahihi kweli, maana hati yako halisi inarudi kwa posta ikiwa imegongwa namba.

Nyota moja nimewakata kwa sababu nakala yenyewe huwezi kuiona mtandaoni kwa kaunti yetu, unaona indeksi tu, ukitaka karatasi uagize.

Na jiandae, ukisharekodi jina lako ni la umma. Zitakuja barua zimevaa sura ya serikali, zina tarehe ya mwisho na namba ya nyumba yako, zikikutaka ulipe hela ndefu upate nakala ya hati yako mwenyewe ambayo kaunti inakupa kwa hela kidogo. Chana. Ila usichane kila kitu kwa hasira, kaunti zingine zinatuma taarifa ya kweli bure kila hati inaporekodiwa kwa jina lako, na hiyo ukiiona na hujasaini kitu chochote, simu ya kwanza ni kwa mwanasheria siku hiyo hiyo.