TAHADHARI: muuza shokapu za kwadi "za gesi", mie keshanipiga

Wenye kwadi (yale mapikipiki ya matairi manne) soma hii kabla hujatuma hela kwa mtu.

Mie ninazo mbili za Kichina, cc 200, nakodisha wageni huku Kusini Unguja, na njia zetu mnazijua, ukitoka lami tu ni mawe matupu mpaka pwani. Moja ikaanza kuwa ngumu nyuma, yaani unaikalia haishuki hata kidogo, mgeni akirudi anashika kiuno kama katoka kuchimba kisima. Nikauliza kwenye grupu la simu, dakika kumi hazijaisha jamaa kaniingilia pembeni. "Shokapu imekufa hiyo kaka, ndo maana imekaza." Anayo mpya ya gesi, ina kichupa ubavuni na kitufe cha kukaza na kulegeza, laki tatu na nusu, yuko Dar, nitume nusu apakie boti ya mchana, nusu nyingine nikipata namba ya mzigo. Nikatuma zote mbili, mjinga mie.

Na hapo hapo ningeshtuka, maana shokapu iliyokufa haikazi bwana, INADUNDA. Mafuta yakivuja unaona fito (kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu) limelowa vumbi limegandia, ukikalia nyuma ukaachia inacheza juu chini kama godoro la springi. Yangu ilikuwa kavu. Labda fito lipinde ndo itakwama, na hilo unaliona kwa macho.

Mzigo ukafika. Rangi nyekundu inang'aa, ukikwaruza kwa kucha chini kuna kutu, ni kuukuu imepigwa spreya. Kitufe kinazunguka tu moja kwa moja, hakina "tik tik" wala mwisho. Kichupa sasa, ndo kichekesho, kimefungwa kwa skrubu mbili pembeni, hakuna tundu hata la sindano la kupitisha mafuta wala gesi kuingia kwenye shokapu yenyewe. Ni pambo!! Nikampigia, akasema "unaifunga vibaya", mara ya pili kanifungia simu.

Nikaisukuma kwadi kwa fundi wa bodaboda hapa kijijini, mtu mzima, hana hata bango. Hakugusa shokapu kwanza, akaangalia upepo. Kijana wangu kajaza tairi za nyuma karibu psi 28 kama anajaza bodaboda, wakati ubavuni mwa tairi pameandikwa 5. Tano! Tairi la kwadi ni nene kwa sababu lenyewe linatakiwa linywe mashimo, ukilijaza hivyo limekuwa jiwe. (Tafuteni geji ya upepo mdogo, hizi za gari chini ya kumi zinakudanganya tu.)

Halafu akainyanyua kwa jeki, akachomoa bolti ya chini ya shokapu, akaniambia nyanyua mkono wa nyuma huo unaobeba ekseli. Ukiwa mzima unapanda na kushuka bila kukwama. Wangu umeganda, nimeunyanyua kwa mikono miwili na mguu ukutani. Chumvi ya bahari na mchanga vimekula bushi (vile vibomba mkono unapochezea), ule mtaimbo wa katikati umetoka na kutu nyekundu. Kausugua kwa msasa, bushi mpya, grisi. Hapo peke yake ugumu ulishapungua nusu.

Mwisho ndo akaja kwenye shokapu, tena ile ile ya zamani. Juu ya springi kuna ringi mbili kwenye nyuzi, sijui nani alizishusha karibu mpaka mwisho, springi imeshabanwa hata kabla mtu hajakaa. Ukizibana springi haigeuki kuwa nyengine ila nyuma inainuka na haianzi kufanya kazi mpaka ipate mzigo mkubwa, na wageni wengine wana kilo hamsini. Akazilegeza kwa spana ya ndoano (usigonge kwa patasi, unaharibu ringi). Kipimo chake: pima toka ekseli hadi fremu matairi yakiwa hewani, kisha mtu akae, upime tena. Gurudumu likiwa na mwendo wa kupanda na kushuka wa sm 18 basi akikaa linywe 5 hadi 6 hivi. Yangu ilikuwa inakunywa moja na nusu. Jumla kanidai elfu ishirini na tano na bushi ndani yake, nikaona haya.

Mwengine kwenye grupu alinishauri nikate pindo moja la springi ilainike. Msifanye, springi ikipungua mapindo inazidi kuwa ngumu. Na shokapu ya gesi ya kweli usiipashe moto wala kuitoboa, ile presha itakutoa jicho.

Huyo jamaa karudi kwa jina jengine, picha ni ile ile, shokapu nyekundu juu ya taulo la bluu. Akikufata mwambie akutumie video anazungusha kitufe sauti isikike, na aonyeshe kwa karibu pale kichupa kinapoungana na mwili wa shokapu. Mie alinijibu kamera yake mbovu.

Kichupa nimekikata kwa grainda, ndani hewa tupu. Mwanangu anawekea misumari.