Kifaa cha mdomoni cha kupunguza kukoroma: uzoefu wangu

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kimenisaidia. Kukoroma kumepungua sana ingawa hakujaisha, na mume wangu hahami tena chumba na mto wake kwapani. Ndiyo, ni mimi mwanamke ninayekoroma. Tuko wengi, ila hatusemi.

Tukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa hubana. Hewa ikilazimisha kupita hapo hutikisa kaakaa laini, na kelele ndiyo hiyo. Kifaa huvaliwa kwenye meno ya juu na ya chini, kikalisogeza taya la chini mbele kwa milimita chache. Ulimi umeshikamana na taya hilo, kwa hiyo nao husogea na koo likapata nafasi.

Nilianza na kile cha kuchemsha. Unakitia kwenye maji ya moto kilainike, kisha unaking'ata kikiwa vuguvugu ili kichukue umbo la meno yako. Ni kinene, midomo haifungi sawasawa, mate yanachuruzika mpaka foronya inalowa. Mara nyingi nilikitema usingizini, asubuhi nakitafuta ndani ya shuka. Faida yake ni moja: usiku kilipokaa mdomoni, nyumba ilitulia, nikajua njia hii inanifaa.

Nikaenda kwa daktari wa meno nipate cha kutengenezwa kwa vipimo vyangu, naye hakukimbilia kuvichukua. Aliniuliza kama huwa nashtuka usiku kama mtu aliyepaliwa, kama nasinzia mchana, kisha akanipeleka kwa daktari wa usingizi. Nilipimwa nikiwa nimelala kwangu: mkanda kifuani, kamrija puani, kibanio cha kupima oksijeni kidoleni. Pumzi ilikuwa inakatika au kupungua, ila si sana. Walivyonieleza, mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye mashine ya kusukuma hewa. Msiruke hatua hii hata kidogo. Kifaa kinaweza kuzima kelele huku pumzi bado inakatika, na hapo kila mtu nyumbani ataamini umepona.

Kilichotengenezwa kwa vipimo vyangu ni kitu kingine kabisa: chembamba, kina sehemu mbili, na pembeni kuna skrubu ndogo zinazozungushwa kwa kifunguo chembamba kama pini. Unasogeza taya kidogo kidogo, unaacha lizoee, unasogeza tena. Ukifanya pupa, kesho yake hata kupiga mwayo ni shida.

Sasa lile ambalo matangazo hulipitia juu juu. Asubuhi ukikitoa, meno ya nyuma hayakutani. Unafunga mdomo na ya mbele ndiyo yanayogusana kwanza. Nilipewa kipande cha plastiki cha kung'ata mpaka taya lirudi mahali pake. Siku nyingi linarudi mapema, siku nyingine linajivuta. Ukitumia kwa miaka, meno yanaweza kuhama yasirudi tena, ndiyo maana daktari hunikagua mara kwa mara. Nimeikubali hasara hiyo kwa faida ninayopata, lakini ningependa kila anayenunua aijue kabla.

Usafi ni rahisi: mswaki laini na maji ya baridi. Dawa ya meno hukikwaruza, maji ya moto hukipinda. Nikiwa na mafua pua zikaziba, nakiacha kwenye kikebe chake.

Kama meno yako yanacheza, fizi zinaumwa au kiungo cha taya kina matatizo, tibu hayo kwanza.

Niliporudia kipimo nikiwa nimekivaa, pumzi ilikuwa imetulia kuliko mwanzo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya mate, maana hata hiki chembamba hakijayamaliza.