Simuleta ya ndege ikitumiwa na mpakia mizigo: uzoefu wangu

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi na ndege, swali la kwanza ni kama naendesha. Siendeshi. Mimi ni wa chini: naweka kabari kwenye magurudumu, napanga koni, napakia mabegi, na siku nyingine navaa hedseti na kuongea na rubani wakati ndege inasukumwa nyuma. Kwa miaka mitatu sasa, nikitoka shifti, naoga, nakaa mbele ya kompyuta na, kwenye simuleta, yaani programu inayoiga urushaji wa ndege, narusha ndege zile zile nilizotoka kuzipakia. Nyumbani wanasema nimelogwa.

Vifaa sitavieleza kwa kirefu, wapo wengi wanaovijua kunishinda. Nilianza na joistiki moja ya kawaida, yaani fimbo ya kuongozea ndege, yenye kishikio kidogo cha nguvu ya injini, na bado inanitosha. Pedali za miguu nilinunua baadaye, na hizo ndizo ningenunua mapema, kwa sababu kuielekeza ndege ardhini kwa kupinda kiganja hakufanani na kitu chochote. Upande wa programu niliingia na Microsoft Flight Simulator ya 2020. Jina hilo lipo tangu 1982, lakini hii ya 2020 hupakua picha za ardhi kutoka intaneti wakati unaruka, kwa hiyo intaneti ikisuasua, milima nayo inakuwa kama uji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwenye simuleta zote nilizojaribu, mizigo ni namba. Unafungua ukurasa, unasogeza kitelezi, na tani mbili zimeshaingia tumboni. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Boeing 737 hupakiwa begi moja moja kwa mkono. Mtu mzima hasimami wima mle ndani. Unapiga magoti, unapokea begi kutoka kwenye mkanda unaopandisha mizigo, unalitupia mwenzako aliye ndani zaidi, naye analipanga kama tofali. Begi la kilo 23 ukiwa umesimama ni jepesi. Ukiwa umepiga magoti, la themanini kwa siku hiyo, lina uzito mwingine kabisa.

Lakini kitelezi hicho hicho ndicho kilichonifundisha kuliko semina zote nilizokalia. Wakati fulani kazini tulipewa karatasi ya upakiaji, nusu ya mabegi yaende mbele na nusu nyuma. Mvua inanyesha, mlango wa nyuma umeshafunguliwa, mkanda uko pale. Tukaanza kuyajaza nyuma. Msimamizi alipokuja kuhesabu, akasimama, akaangalia karatasi, akatuangalia sisi. Hakufoka. Alisema tu, "Toeni arobaini." Tuliyatoa huku tukinung'unika, maana tuliona ni mambo ya makaratasi. Ndege ni ile ile, mabegi ni yale yale, mbele au nyuma kuna tofauti gani?

Usiku ule nilifungua 737 kwenye simuleta. Karibu mzigo wote nikaupeleka nyuma, halafu kwa makusudi nikaacha trimu ya mkia, ile mipangilio inayoiweka pua sawa, kama ilivyokokotolewa kwa mzigo uliogawanywa sawasawa. Nikasukuma kishikio cha nguvu. Nilikuwa sijafikia kasi niliyopanga kuvuta usukani, pua ikaanza kunyanyuka yenyewe. Nikasukuma usukani mbele, ikakubali kidogo, ikapanda tena. Niliruka, ndiyo, lakini nilikuwa napigana nayo hadi mkono ukauma, na ile ni joistiki ya plastiki juu ya meza ya kulia chakula. Rubani aliyeahidiwa mzigo uliogawanywa sawasawa akapata mkia mzito angekuwa na watu nyuma yake. Tangu siku hiyo karatasi ya upakiaji naisoma mara mbili, na nikiambiwa tuanze kushusha mizigo ya nyuma kwanza siulizi sababu. Ukimaliza kushusha ya mbele huku nyuma bado kumejaa, ndege inaweza kukaa chini kwa mkia.

Baada ya hapo nikanunua programu-jalizi, yaani nyongeza ya simuleta, ya huduma za uwanjani. Ziko kadhaa, yangu sitaitaja, maana malalamiko yangu yanahusu toleo ambalo huenda limeshabadilishwa. Inaleta magari, ngazi, mkanda wa mizigo, watu wenye riflekta, trekta la kusukumia, na sauti ya mtu wa hedseti. Kwa mtazamaji inapendeza sana. Kwangu mimi ilikuwa kama kumwangalia mgeni akipika jikoni kwako. Gari la mkanda lilikuja kwa kasi likasimama dhidi ya mlango bila mtu wa kuliongoza na bila kukanyaga breki hata mara moja kujaribu kama zinashika. Siku ya pili watu walikimbilia ndege wakati taa nyekundu ya tumboni bado inamweka na injini bado zinazunguka. Hapo nilipiga kelele kweli. Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye kazi hii ni kwamba taa ile ikiwaka huisogelei ndege. Injini haikufokei kwanza, inavuta.

Ila lazima niseme ukweli: ile programu-jalizi ndiyo iliyoniaibisha. Kazini tuna mzaha wetu kuhusu marubani wanaosahau mambo. Ndege ikiwa imeegeshwa hupata umeme kutoka kwenye jenereta yetu ya nje, volti 115 na hezi 400, mpaka rubani awashe injini ndogo ya mkiani. Tunachomoa waya akituashiria, siyo kabla. Basi siku moja kwenye simuleta, ndani ya Airbus A320, mimi rubani, nikabonyeza menyu waondoe jenereta. Wakaondoa. Chumba kizima kikawa giza, skrini zote zikazima, na mipango ya safari niliyoingiza kwa dakika ishirini ikaenda nayo. Injini ndogo nilikuwa sijaiwasha. Sijamcheka rubani tena kwa jambo hilo. Kwa mengine, naendelea.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni kuona kinachoonekana kutoka kwenye kiti cha kapteni. Nilikuwa najua kwa maneno kwamba mtu aliye karibu na pua haonekani. Kuketi pale, hata kwa kamera tu, ni jambo tofauti: koni zimepotea, trekta limepotea, ungedhani hakuna mtu. Na hapo ndipo nikaelewa pini. Kabla ya kusukuma tunachomeka pini kwenye gurudumu la pua ili usukani wa ndege usipigane na trekta. Kwenye A320 rubani anaiona hali hiyo kama maandishi kwenye skrini. Tukimaliza, aliye na hedseti anasogea pembeni mahali anapoonekana, anainua pini yenye utepe mwekundu, anasubiri rubani ampungie mkono. Kwenye programu yangu jamaa aliinua pini kwa muda wa kupiga chafya, akageuka akaondoka, mimi bado naangalia kama injini ya pili imetulia. Nilibaki sijui kama pini imetoka au la. Zamani nami nilikuwa naiinua hivyo hivyo, hasa kukiwa na ndege nyingine inasubiri.

Ukiuliza kama ununue: simuleta yenyewe, ndiyo, na anza na A320 ya kundi la watengenezaji liitwalo FlyByWire, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa umakini mkubwa. Programu-jalizi ya uwanjani inunue kama unapenda kuona pilika na huna haraka. Mara baada ya kuiweka, ingia kwenye mipangilio uzime ile sehemu ya kuharakisha upakiaji, la sivyo mabegi 140 yataingia kwa dakika tatu. Kama uliwahi kupakia ndege, hilo litakukera mpaka uifute.

Nimeshahamia pia toleo la 2024, ambalo linakuruhusu kushuka na kuizunguka ndege kwa miguu. Wenzangu wa mtandaoni walikimbilia kuangalia mabawa. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye gurudumu la pua, nikainama, na nikajikuta nyumbani nimenyoosha mkono kuelekea kwenye skrini.